Nguruwe Aliyevaa Kitambaa Chekundu

Mimi nyama ya nguruwe naipenda, na sioni haya kusema. Wapo watu wazima, wenye vyeo vyao, wanaoila wamejificha nyuma ya bucha, kisha wanafuta midomo na kudai wametoka kula samaki. Mimi sikulelewa hivyo. Nililelewa na senje, dada yake baba, katika boma lililo kati ya Lurambi na Navakholo, na senje alifuga nguruwe wakati ambapo mwanamke wa kufuga nguruwe alionekana kama mtu aliyekosa kazi ya maana. Wenzake walikuwa na miwa na ng'ombe. Yeye alikuwa na nguruwe wake wachache nyuma ya jikoni, na sokoni walimwita Mama Nguruwe. Aliitika bila kununa na kuendelea kuchagua nyanya.

Miaka hiyo ya tisini ilitangazwa semina ya wafugaji wa nguruwe mjini Kakamega. Senje alikwenda kwa sababu waliahidi chai na mkate, na alirudi ameokoka. Sina neno jingine la kueleza. Alishuka kwenye baiskeli ya boda boda akiwa tayari anaongea, akampita baba yake mzee bila kumsalimia, jambo ambalo kwetu ni kosa, akaenda moja kwa moja zizini na kuanza kuwahubiria nguruwe wenyewe.

Kuanzia siku hiyo hatukupumzika. Karai la maji yenye dawa ya kuua viini liliwekwa mlangoni mwa zizi, na hakuna mguu ulioingia bila kukanyaga humo kwanza. Machicha ya pombe ya busaa tuliyokuwa tukiwapa nguruwe yakiwa baridi, pamoja na makombo ya jikoni, sasa yalichemshwa kama chakula cha wageni. Nguruwe hawakuruhusiwa tena kuzurura, maana alifundishwa kwamba nguruwe anayezurura hula uchafu wa choo na kutuletea minyoo ya tegu. Pembeni tulijenga chumba kidogo cha wagonjwa kwa mbao na mabati chakavu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule nikingoja matokeo, nina nguvu na sina kazi, kwa hiyo kila neno la semina lilitua mgongoni mwangu. Lakini nakiri nilifurahi. Boma letu lilikuwa na jambo jipya, na mambo mapya huko kwetu hayakuwa mengi.

Kilichowakera watu zaidi ni kwamba senje aliacha rangi mbili. Kama hukukulia pande zetu, rangi mbili ni zile kapsuli zenye upande mmoja mwekundu na upande mwingine wa manjano, zilizouzwa hata kwenye duka la sukari na mafuta ya taa. Zilitibu kila kitu. Ukikohoa, rangi mbili. Ukijikata kwa panga, unaifungua na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Kuku wakisinzia, rangi mbili kwenye maji. Senje mwenyewe alikuwa akizifungua kwenye chakula cha nguruwe kila wiki, wawe wagonjwa wasiwe wagonjwa, kwa imani kwamba wananenepa. Semina ikamwambia kwamba anawafundisha viini kuizoea dawa, na siku mtu wa nyumbani atakapougua kweli, dawa itaingia mwilini na viini vitaicheka. Akazitupa zote chooni siku hiyohiyo.

"Si utatumaliza wewe," mama mmoja jirani alimwambia. "Nguruwe bila dawa atanona aje?"

"Atanona na chakula," senje akajibu. "Kwani wewe ulinona na nini?"

Jirani yetu alikuwa mnene kweli, na alicheka mpaka akashika ukuta.

Basi, mwaka huo kijana wa kijiji chetu alikuwa anapewa upadri, wa kwanza kabisa kutoka kwetu, na kanisa likaunda kamati ya karamu. Karamu za kwetu zilijulikana: ng'ombe, obusuma, yaani ugali, na ingokho, kuku wetu wa kienyeji, kwa ajili ya wakubwa. Senje alisimama katikati ya mkutano akasema atatoa nguruwe. Watu wakacheka. Katekista alikohoa akasema kwamba, mama, wageni watakuja kutoka mbali, watasemaje? Na mwenyekiti wa kamati, mzee aliyestaafu kazi ya kiwanda cha sukari, akasema wazi kile ambacho wengine walikuwa wanakizunguka, kwamba nguruwe ni mnyama mchafu.

"Kujeni muone zizi yangu," senje akasema. "Mkiona uchafu nitanyamaza mpaka nife."

Walikuja kweli, kamati nzima. Mwenyekiti alivaa viatu vipya vya ngozi. Nilisimama mlangoni nikamwonyesha karai. Alinitazama, akatazama viatu, akamtazama senje aliyekuwa amefunga mikono kifuani. Akakanyaga. Sijawahi kufurahi vile, na Mungu anisamehe, maana niliingia jikoni nikacheka nimeuma leso. Walipekua kila pembe. Sakafu ilikuwa imesuguliwa, nguruwe wawili waliobaki wamelala juu ya majani makavu, hawanuki kuliko mbuzi wa mtu yeyote. Mwenyekiti alikubali, ila aliacha mwiba wake.

"Sawa, mama. Lakini mtu mmoja tu akiumwa hiyo siku, ni wewe. Na hatutasikia tena mambo ya nguruwe hapa."

Kwa hiyo jina la senje lilikuwa juu ya sahani. Yeye alilijua hilo na mimi nililijua, na badala ya kuogopa tulifurahi kama wasichana wawili. Jioni tulipanga namna nyama itakavyopikwa, vitunguu vingapi, nani atashika mwiko. Nguruwe wa karamu alikuwa dume aliyehasiwa, mkubwa, mweupe, mwenye mgongo mpana. Yule mwingine alikuwa jike ambaye hajazaa bado, na senje alimtunza awe mama wa zizi lote lijalo.

Dume akaugua wiki mbili kabla ya sherehe. Asubuhi alikataa chakula, na nguruwe akikataa chakula ujue kuna neno. Alikohoa, akapumua kwa shida, ngozi ya masikio ikawa nyekundu. Senje alinishika mkono tukaenda mjini kwenye duka la dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa Mwislamu wa Mumias, mzee mpole wa kofia nyeupe, na senje, Mkatoliki wa kupindukia, alimwitikia salamu yake ya "Asalaam aleikum" kwa "Waleikum salaam" safi kabisa. Mzee huyo hakuwahi kutamka neno nguruwe. Alisema "mnyama wenu". Lakini aliuliza maswali mengi kuhusu mnyama wetu kuliko mtu yeyote anayemla.

Alitoa chupa ya penisilini, akaeleza kipimo, kisha akaishikilia chupa ile bila kumpa senje.

"Sikiliza, mama. Mnyama atapona mbio, Inshallah. Lakini dawa haitoki mwilini siku anayopona. Inabaki kwenye nyama. Kabla ya mwezi mzima kupita, asichinjwe."

"Mwezi mzima? Lakini nina sherehe."

"Mimi sili mnyama wenu, kwa hivyo sina faida ya kukudanganya. Kwani kwenu hakuna mtu anayedhurika na penisilini?"

Senje aligeuka akanitazama. Sikuhitaji kuelezwa. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa zahanati kwa sababu ya koo, nikadungwa penisilini, na kabla hatujafika nje midomo ilikuwa imevimba, macho yamezibwa, na kifua kimebana nikawa navuta hewa kama kwenye tundu la sindano. Aliyenibeba mgongoni akakimbia kurudi nami kwa muuguzi alikuwa senje. Tangu hapo kila aliyenigusa kwa sindano aliambiwa na senje kwanza, kwa sauti ya kugombana, kwamba huyu hapigwi penisilini.

Tulirudi nyumbani na chupa yetu. Dume alidungwa akapona, mzee wa duka hakukosea. Siku chache tu na alikuwa anagonga mbao za chumba cha wagonjwa akidai chakula, mnono kana kwamba hakuna kilichotokea. Majaribu hayo ni mabaya kuliko ugonjwa wenyewe, maana kila mgeni alisema, "Si huyu amepona? Chinja!" Senje alikwenda zizini. Alikaa siku nzima akimtazama yule jike aliyemwekea matumaini, kisha akasema, "Basi, ni wewe." Nikaona anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Nilimwonea huruma sana.

Semina ilikuwa imesema mnyama mwenye dawa awekwe alama. Rangi ilishindwa, maana nguruwe alijisugua ukutani mpaka ikatoka. Senje akararua kilemba chake chekundu, akamfunga yule dume kuzunguka kifua, nyuma ya miguu ya mbele, fundo zuri juu ya mgongo. Alipendeza, ukweli usemwe. Tulicheka tukasema anafanana na mwanakwaya.

Siku ya sherehe tuliondoka alfajiri na mkokoteni kwenda parokiani kuazima sufuria kubwa na kuchukua vitunguu. Mkaguzi wa nyama alikuwa ameahidi kuja asubuhi, na senje alitaka arudi kabla yake ili jike achinjwe yeye mwenyewe akiwapo. Njiani nilikuwa naimba. Barabara ilijaa watu wenye nguo safi, ngoma za isukuti zilikuwa zinalia upande wa kanisani, na kila aliyetuona na zile sufuria alipiga vigelegele. Mama Nguruwe alikuwa anaitwa kwa heshima! Nilitembea kichwa juu, tukisukuma mkokoteni kama gari la waziri.

Tulipokaribia nyumbani tuliona moshi. Kwetu mtu mwenye shughuli haachwi peke yake. Watu huja bila kuitwa, wanashika shoka, wanashika ndoo, na hata hujui watalala wapi. Vijana wa kanisa walikuwa wamekuja kumsaidia senje. Walikuwa wamechemsha maji, wamechinja, wamenyoa manyoya, wamepasua na kutundika nyama, kila kitu kwa ustadi, na walikuwa wanatabasamu wakingoja kusifiwa. Juu ya ua, kimekunjwa vizuri kabisa, kulikuwa na kitambaa chekundu.

Senje aliachia mkokoteni. "Mumechinja nani?"

"Wa sherehe, mama," mkubwa wao akajibu. "Si ulikuwa umemvalisha?"

Na hapo nikaelewa, nikataka kulia na kucheka kwa pamoja. Kwetu mnyama anayetolewa kanisani au kwenye harambee hupambwa. Mbuzi wa mnada hufungwa utepe shingoni, jogoo wa sadaka hufungwa kitambaa mguuni. Hata mimi nimewahi kumfunga jogoo. Vijana walikuta nguruwe wawili, mmoja mdogo aliye uchi na mmoja mkubwa aliyevaa. Nani angechagua tofauti? Sisi wawili, na semina yetu yote, hatukufikiria hata mara moja kwamba watu wetu walishakuwa na maana yao ya kitambaa.

Halafu ikaonekana jambo la pili. Kwenye mapaja ya ile nyama kulikuwa na muhuri wa wino wa zambarau. Mkaguzi alikuwa amefika mapema, akakuta nyama inaning'inia, akakata maini, akapekua moyo na ulimi akitafuta tegu, akaona safi, akapiga muhuri. Sasa alikuwa ndani anakunywa chai. Alipoitwa na kuelezwa, alikuwa mtu mkweli.

"Mama, mimi nakaguanga kwa macho na kisu," alisema. "Sindano haiachi alama kwa ini. Kama ulimdunga, wewe ndiye unajua."

Kamati ilikuwa imeshafika, maana habari haina miguu lakini hukimbia. Mwenyekiti aliweka mkono begani kwa senje, na safari hii hakuwa na ubaya. Alikuwa na wageni wanaokaribia.

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki. Nguruwe amekufa. Nyama iko na muhuri. Tupike tu."

"Nyama mzuri hivi utatupa kweri?" kijana mmoja akasema, karibu kulia.

"Sisi tumekulanga nguruwe ya rangi mbili miaka yote. Nani alikufa?" mwingine akauliza.

Na bibi mmoja mzee, kukhu wa jirani, aliyejua habari zangu za zahanati, akasema kwa upole kabisa, "Kama ni huyu msichana tu, si yeye akae na ingokho yake? Sisi wengine tukule."

Lilikuwa neno la busara. Nililiona hivyo mimi mwenyewe. Watu wote walinigeukia, nami nikaona aibu ya kuwa kizuizi cha karamu ya kijiji kizima, nikasema haraka, "Ndiyo, senje. Mimi nitakula kuku. Hakuna shida."

Senje alinikasirikia kuliko alivyowakasirikia wale vijana.

"Mimi sikufuga nguruwe ndio wewe ukule kuku!"

Kisha akawageukia wao. "Na mwingine kama huyu, mwenye bado hajijui? Atajijua kwa sahani yangu?"

Akawaacha wamesimama. Aliingia ndani, akatoka na dumu la mafuta ya taa, na kabla mwenyekiti hajamaliza kusema "Mama, ngoja," alikuwa amelimwaga lote juu ya nyama, kwenye mapaja, kwenye mbavu, juu ya muhuri. Harufu ilitupiga wote usoni. Kukhu alishika kichwa. Mimi moyo ulikuwa unadunda kwa hofu na kwa furaha isiyo na adabu, kwa sababu sikuwahi kuona mtu mzima akifanya jambo lisilorudi nyuma mbele ya kamati.

"Chimbeni shimo," aliwaambia vijana. "Refu, mbwa wasifukue. Na mlete maji mengine ya moto."

Wakachimba, jamani! Walichimba kama watu wanaolipa dhambi. Mkaguzi alivua koti, akafungua begi lake tena, akasema haendi popote mpaka amkague wa pili. Senje alimtoa jike zizini mwenyewe, akimsemesha kwa sauti ya chini, na hakuangalia kisu kilipoingia. Mwenyekiti alitumwa kuleta kuni. Nilimwona kwa macho yangu, na viatu vyake vya ngozi, amekumbatia kuni. Mimi nilikata vitunguu mpaka sikuona mbele. Huku tunaosha, kule tunakata, isukuti zinatufikia kutoka kanisani, tunajua Misa imefika wapi kwa kusikia nyimbo, na kila wimbo ulipokwisha mtu alipiga kelele, "Wanatoa sadaka! Harakisheni!"

Hatukuwahi. Wageni wakubwa walikula ng'ombe na kuku huko kanisani, wakatoa hotuba, wakaondoka na magari yao. Padri mpya alikuja jikoni kwetu kusalimia, akaangalia sufuria, akaambiwa bado, akacheka, akaitwa kwingine. Jua lilikuwa limeanza kushuka wakati senje alipofunua mfuniko akasema imeiva. Waliobaki walikuwa watu wetu tu: wapiga isukuti waliolowa jasho, mama wapishi, wale vijana wenye udongo miguuni, kukhu, mkaguzi, na mwenyekiti aliyekuwa amekaa juu ya kuni alizozileta.

Sahani ziligawiwa. Obusuma ukawekwa. Lakini hakuna aliyesogea kwenye sufuria, na sikujua kwa nini mpaka nilipoona kwamba wote wananitazama mimi.

Senje alichagua ubavu wenye nyama na mafuta, akaupuliza, akauweka mkononi mwangu. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu.

"Kula."

Nikauma. Ilikuwa laini, ina chumvi ya kutosha, na mafuta yalinitiririka mpaka kiwikoni. Nilitaka kusema ni tamu lakini sikuweza, mdomo ulikuwa umejaa nyama, na senje akadhani navimba tena kama kule zahanati, akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga. Nikatikisa kichwa. Nikatafuna. Alinitazama midomo mpaka nikameza, akangoja kidogo, akanitazama tena. Kisha akainuka, akashika mwiko, na kuwaambia wengine walete sahani.